Asili ya Kumfunikia Mtu Kikombe

Mzee Anzaruni Kibwera alikuwa amefika kwenye neno "makusudi" kalamu ilipokauka wino. Aliitikisa, akaipuliza ncha, akachora mizunguko mitatu pembeni mwa gazeti kuukuu hadi wino ukarudi, ndipo akaimalizia sentensi. Kadi iliyokuwa mbele yake sasa ilisomeka hivi:

KUMFUNIKIA MTU KIKOMBE. Maana: kumtenga mtu kwa makusudi, kukaa naye, kupishana naye na kufanya naye kazi kana kwamba hayupo, bila kumwambia kosa lake. Mfano: Tangu aulize swali mkutanoni, mtaa mzima umemfunikia kikombe. Asili:

Baada ya neno "Asili" palikuwa na nukta mbili, na baada ya nukta mbili palikuwa peupe. Asili hiyo ilikuwa ikingojwa tangu Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi.

Kadi hiyo ilikuwa ya elfu moja mia tatu na sita kati ya kadi zote za Kamusi Kuu ya Semi za Taifa, na zile nyingine elfu moja mia tatu na tano alikuwa ameziandika kwa mkono wake mwenyewe, bila kuchafua hata moja. Kazi ya maneno hakuisomea popote. Alijifunza humo humo ofisini, kwa kusoma kamusi za watu wengine ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayechambua mchele. Alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Akimkuta mende kwenye sanduku la kadi alimtoa nje kwanza, kisha akakaa kufikiri kama kweli alikuwa na kosa.

"Shikamoo, mzee." Aliyeingia ni Bi Kalunde, katibu muhtasi wa Shirika la Semi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei ambaye viatu vyake vilisikika kabla yake.

"Marahaba, binti yangu."

"Mkurugenzi anauliza ile kadi. Anasema saa tisa na nusu iwe mezani kwake, imetiwa saini."

"Bado sehemu ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

Mzee Anzaruni aliigeuza kadi aione. Bi Kalunde akasoma, midomo ikicheza.

"Mbona asili ilishapatikana? Si waliipigia kura?"

"Waliipigia."

"Sasa?"

Mzee aliichukua kalamu, akaifunga kifuniko, akakifungua tena.

*

Msomaji ambaye hajafika katika nchi ile atataka kujua jina lake. Jina litakuwapo. Kamati ya Jina la Nchi imekuwa ikikaa tangu mwaka wa uhuru, na habari za kuaminika zinasema imekwisha kukubaliana juu ya herufi ya kwanza.

Ni nchi ya amani. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa hupenda kuwaambia wageni, "Nchi nyingine zina magereza. Sisi tuna vikombe." Wageni hucheka, nao hupewa kikombe kimoja kimoja cha kwenda nacho kwao.

Katika kila ofisi ya nchi ile, saa nne asubuhi ni saa ya chai, na kila mtumishi ana kikombe chake. Ili vikombe visichanganywe, jina la mwenyewe huandikwa chini kwenye kitako kwa rangi ya kucha. Jioni vikombe huoshwa na kupangwa juu ya meza ndefu, midomo chini, vikauke. Kesho yake mwenye zamu ya birika huvifunua kimoja kimoja na kumimina chai. Mtu akikuta kikombe chake kimeachwa kimefunikwa, jina lake likiwa juu kila mmoja analisoma, anajua kwamba kuanzia asubuhi hiyo hayupo. Hafukuzwi wala hakatwi mshahara. Anakaa penye kiti chake, na watu wanapitisha mafaili juu ya kichwa chake.

Mwanzoni jambo hili lilifanyika kienyeji tu. Baadaye Serikali ililiona kuwa ni zuri mno kuachiwa wananchi, ikatoa Waraka wa Ufunikaji wa Amani. Ikachapwa fomu ya nakala tatu: moja ya faili, moja ya Wizara na moja ya mhusika mwenyewe. Kwa kuwa mhusika hasemeshwi, nakala yake ilibandikwa nyuma ya kiti chake, aisome akiinuka.

Kasoro ndogo ndogo hazikukosekana. Kule Posta alifunikiwa karani mmoja kwa makosa, badala ya mwenzake wa jina moja, na kosa likagunduliwa baada ya miaka kumi na mmoja. Wizara ilimwandikia barua ya kumwomba radhi, lakini tarishi hakuweza kumkabidhi, maana bado alikuwa amefunikiwa. Alipoipata mwishowe, karani yule aliomba kwa unyenyekevu aachwe hivyo hivyo, kwani katika miaka ile kumi na mmoja ndiye aliyekuwa mtumishi pekee wa Posta anayemaliza kazi zake. Na katika Wizara ya Maji ufunikaji ulifanywa kwa bidii kubwa hivi kwamba siku moja alibaki bawabu peke yake mwenye kikombe kilichofunuliwa. Alijimiminia chai, akajishukuru, akajiambia karibu.

Watu wakazoea, na usemi ukaenea. Watoto walifunikiana vikombe shuleni, na mke akikasirika alimfunikia mumewe kikombe hata katika nyumba isiyo na kikombe. Ndipo Serikali ikaona kwamba usemi mkubwa namna ile haufai kukaa bila asili.

*

Kikao cha Asili kilikaa Jumatatu kwenye ukumbi wa Shirika la Semi, wajumbe kumi na watano na chupa thelathini za maji. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Daktari Fulgensi Tindwa, mtu mnene mwenye tabasamu la daima. Alikuwa daktari wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza akabaki na kikombe.

"Ndugu wajumbe," alisema Daktari Tindwa akiwa amesimama, "asili ya jambo la kitaifa haiwezi kuachiwa yale yaliyotokea. Yaliyotokea hutokea ovyo ovyo. Asili inataka mipango."

Wajumbe wakapiga makofi, na katibu wa kikao akaandika kwamba walipiga makofi.

Yaliletwa mapendekezo matatu. La kwanza lilisema usemi ule ulitokana na wapiganaji wa zamani, waliofunika vikombe vyao siku ya kwenda vitani. La pili lilisema ulitokana na nyuki, na mjumbe aliyelileta alieleza kwa nusu saa, lakini hakuna aliyeelewa nyuki wanaingiaje. La tatu lilisema ulitokana na bibi mzaa baba wa Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, mama wa hekima, ambaye mtu mwongo akija kwake alimfunikia kikombe kwa upole mpaka akatubu.

Pendekezo la bibi lilipata kura kumi na moja. Wajumbe wanne waliobaki, walipoona lilivyoshinda, waliomba kura irudiwe ili nao wapate kushinda.

Mzee Anzaruni alikuwa amekaa nyuma kabisa, na daftari la kumbukumbu magotini. Hakuwa mjumbe. Aliandika kila neno kama lilivyosemwa, na mkono wake haukusita mpaka Mkurugenzi alipofika kwenye Kanuni ya Saba.

"Kanuni ya Saba, kama mjuavyo, inasema kila asili itiwe saini na shahidi aliye hai. Sasa bibi yetu mpendwa alifariki zamani. Lakini tunaye Mzee Anzaruni, mkongwe kuliko sisi sote humu ndani. Amestaafu mara mbili na tumemrudisha mara mbili."

"Mheshimiwa," Mzee Anzaruni alisema, "bibi huyo alifariki kabla sijazaliwa."

"Hilo linajulikana, mzee. Hukuwapo, lakini wewe ndiye uliyekaribia zaidi kuwapo."

Wajumbe wakacheka kwa heshima. Mkurugenzi alimsogelea, akamwekea mkono begani.

"Saini tu, mzee wangu. Au wewe unayo asili nyingine?"

Ulikuwa utani. Lakini Mzee Anzaruni alihisi uso wake ukipata moto kama wa mtu aliyekutwa chumbani kwa watu, akainamia daftari na kuandika: *Mwenyekiti alitania.*

*

Asili nyingine alikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa miaka thelathini na minne.

Zamani zile Shirika la Semi halikuwapo. Katika jengo lile lile, kwenye meza zile zile, ilikuwapo Idara ya Mvua. Kazi yake ilikuwa kukusanya vipimo vya mvua kutoka wilaya zote na kuviandika katika daftari kubwa. Anzaruni alikuwa karani mwenye miaka ishirini na tisa. Karani mkuu alikuwa Bi Nuswaiba, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, asiyekubali kipimo cha kukadiria. Kwenye meza ya tatu alikaa Mwalami, aliyekuwa amekwisha kupeleka barua ya posa kwa kina Nuswaiba na sasa akingoja majibu huku akivunja penseli.

Mwaka ule kulikuwa na ukame huko Nyikani. Siku moja Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akahutubia redioni, akatangaza kwamba mvua imenyesha Nyikani, tena ya kutosha. Malori ya unga yaliyokuwa njiani yakageuzwa, kwa sababu mahali palipopata mvua hapahitaji unga. Badala yake watu wa Nyikani walipelekewa barua ya kupongezwa kwa mavuno.

Bi Nuswaiba alikuwa ametoka Nyikani juzi yake. Alikisoma kipima mvua kwa macho yake, na kwenye daftari alikuwa ameandika sifuri.

"Iongezee kidogo tu," Mkuu wa Idara alimbembeleza mbele ya wote. "Hata milimita kumi na mbili, mama. Nani atajua?"

"Kipima mvua kitajua," alisema Bi Nuswaiba.

Mkuu wa Idara hakuwa mtu mbaya. Alijifuta jasho, akatutazama makarani wake wote mmoja mmoja, akasema, "Hapa hatumfukuzi mtu. Sisi si washenzi. Ila kila mtu atumie busara yake." Kisha akaenda kula.

(Tumesema "akatutazama". Mwenye kusimulia hakuwapo. Ni ulimi tu umeteleza, na haufutwi.)

Kesho yake Mwalami, mwenye zamu ya birika, alichelewa kwa kutumwa redioni kupeleka ripoti. Saa nne ikagonga. Anzaruni akainuka, akashika birika. Vikombe tisa vilikuwa mezani, midomo chini, kama kila asubuhi. Akafunua cha Mkuu wa Idara, akamimina. Akafunua kinachofuata, akamimina. Alipofika kwenye kikombe kilichoandikwa NUSWAIBA kwa rangi nyekundu, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaenda kwenye kinachofuata.

Basi. Hakuna aliyemwagiza wala aliyemkonyeza. Watu wakanyanyua vikombe, wakanywa, na hakuna aliyesema, "Anzaruni, umesahau kimoja." Bi Nuswaiba aliingia na faili kwapani, akaona jina lake limeangalia dari, akarudi kwenye kiti chake. Kesho yake mwenye zamu alikiacha vile vile, na kesho kutwa pia. Wiki iliyofuata ofisi ya pili ikaiga, kwa karani wao mmoja aliyezidi maswali.

Na kwa kuwa mvua ikishatangazwa haina haja tena ya kupimwa, mwaka uliofuata Idara ya Mvua ilivunjwa, meza zikapigwa rangi, na makarani wakaambiwa kuanzia leo wanapima maneno.

*

"Naomba ruhusa ya saa mbili, mheshimiwa," Mzee Anzaruni alisema Alhamisi ile, amesimama mlangoni kwa Mkurugenzi na kadi mfukoni.

"Kwenda wapi?"

"Kutafuta shahidi."

"Shahidi si ni wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana."

Daktari Tindwa alikuwa akisoma hotuba yake mwenyewe na hakutaka kupotewa na mstari. Akapunga mkono.

Bi Nuswaiba aliishi nyuma ya kiwanda cha kamba kilichofungwa, katika nyumba ya vyumba viwili. Bado alikuwa amefunikiwa. Wengi wa zamani walikuwa wamefunuliwa katika misamaha ya sikukuu, ila yeye alifunikiwa kabla fomu hazijachapwa, kwa hiyo hapakuwa na fomu ya kufuta. Muuza duka alimwekea mkate na sabuni juu ya kaunta, akaangalia pembeni. Mzee Anzaruni aliyajua haya yote. Kwa miaka mingi alikuwa akipita barabara ya pili ili asiyaone.

"Hodi hapa."

Ndani sauti ilitoka polepole, kama ya mtu asiyeamini masikio yake.

"Hodi hiyo ya nani?"

"Ni mimi. Anzaruni Kibwera, wa Mvua. Shikamoo, Bi Nuswaiba."

"Marahaba." Alijitokeza mlangoni, kichwa cheupe, miwani imefungwa kwa uzi. Alimtazama, akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Anzaruni! Wewe hata uzeeni unanong'ona. Umepotea njia?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kwako."

"Mchana kweupe hivi? Watu wakuone?"

"Waone tu."

Alimketisha uani kwenye kigoda. Katikati ya ua, juu ya nguzo fupi, palikuwa na kopo la bati, na ukutani ilining'inia kalenda yenye tarakimu ndogo kwa kila siku. Alikuwa akipima mvua bado. Hakuna aliyemwomba, wala hakuna aliyekuwa na namna ya kumkataza.

Akaleta chai. Alikuwa na vikombe viwili tu, na alichompa mgeni kilikuwa cha bati nyeupe, kimebanduka ukingoni. Mzee Anzaruni alikishika kwa mikono miwili, na kidole chake kikapapasa kitu kinachokwaruza kwenye kitako. Alijua ni nini kabla ya kukiinua na kuchungulia. Rangi ilikuwa imefifia, lakini herufi zilikuwa nyekundu.

"Umekiona," Bi Nuswaiba alisema. "Mwalami alikileta. Jioni ya siku ya tatu. Alisimama hapo nje anaita, na kikombe mkononi. Nikadhani kaja kunicheka. Si ilikuwa zamu yake? Mimi ile ratiba nilikuwa naijua kuliko aliyeiandika. Sikumfungulia. Akakiweka kizingitini, akaondoka. Barua yao ya posa nikairudisha bila jibu. Nimesikia alifia bara."

"Alifia bara," Mzee Anzaruni alisema.

"Nyinyi wengine sikuwaweka moyoni. Wewe hasa. Nilikuwa najisemea, Anzaruni mtu mzuri, ni mwoga tu."

Chai ilikuwa ya moto, na mzee aliimeza hivyo hivyo ili apate sababu ya macho kujaa maji. Angeweza kunyamaza. Angemaliza chai, akashukuru, akarudi ofisini akamtilia saini yule bibi wa hekima, na wote wangelala. Alikiweka kikombe chini.

"Bi Nuswaiba. Siku ile Mwalami alichelewa. Alitumwa redioni."

"Ehe."

"Birika nilishika mimi."

Kuku aliyekuwa akidonoa karibu na nguzo alipita katikati yao, akaenda zake.

"Vikombe ulifunua wewe," alisema Bi Nuswaiba polepole.

"Vyote. Isipokuwa kimoja."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

"Mkuu wa Idara alikuita pembeni?"

"Hakuniita. Alisema yale aliyosema mbele yako. Kila mtu atumie busara yake."

"Na busara yako ndiyo ikakwambia hivyo."

"Mimi sikukifunika, bibi. Kilikuwa kimefunikwa tangu jioni, kama vyote. Ila tu sikukifunua."

Sentensi hiyo alikuwa nayo kwa miaka thelathini na minne. Aliitunza kama alivyotunza kadi zake, bila doa. Usiku akikosa usingizi aliitoa, akaisoma, akairudisha mahali pake. Lakini hakuwahi kuisikia kwa sauti. Sasa aliisikia, pale uani, mbele ya kopo la mvua, na ilikuwa ndogo na chafu kiasi kwamba alitamani mtu aifagie.

"Sema tena," Bi Nuswaiba alisema.

Aliianza, akaiachia katikati.

Mwanamke yule alinyoosha mkono. "Hiyo karatasi inayochungulia mfukoni ni ya nini?"

Akampa. Bi Nuswaiba akaweka miwani sawa, akasoma kadi yote mara mbili, kama alivyokuwa akisoma vipimo vilivyoletwa na makarani asiowaamini.

"Maana umeikosea," alisema.

"Wapi?"

"Hapa. Umeandika 'bila kumwambia kosa lake.' Hiyo inaonyesha kosa lipo, wamelificha tu. Andika 'ili ajitafutie kosa mwenyewe.' Mimi nilitafuta, Anzaruni. Mwaka wa kwanza nilijua ni ile sifuri. Wa pili nikasema, labda si sifuri, ni kwa kuwa nilijibu mbele za watu. Wa tatu nikasema ni kicheko changu. Baadaye nilifika mpaka utotoni, nikawa nakumbuka nani nilimsukuma kisimani. Kosa la Mwalami nalo nililitunga, kwa sababu lilitakiwa likae kwa mtu." Akamrudishia kadi. "Hiyo ndiyo kazi ya kikombe. Kinakupa kazi ya maisha."

Mzee Anzaruni akatoa kalamu. Akakata maneno manne kwa mstari mmoja mwembamba, akaandika mengine manne juu yake. Ilikuwa kadi ya kwanza aliyoichafua katika kazi yake yote.

"Na hapa palipo wazi?"

"Hapo wanataka niandike bibi yake Mlezi wa Taifa."

"Bibi yake alifanyaje?"

"Alifunikia waongo mpaka wakatubu."

Bi Nuswaiba alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Na malori hayamo."

"Hayamo."

"Basi sikiliza. Asili tutaiandika sisi wawili, maana ndio tuliobaki. Kila kitu na tarehe yake: sifuri, malori, zamu ya nani na nani alishika birika, nani alikunywa. Daftari langu ninalo. Lakini leo siwezi. Leo nina mtu wa kumwomba radhi, na huyo hayupo hata wa kumpelekea hodi." Alinyanyuka, magoti yakamlia. "Njoo kesho saa moja, kabla hujaenda kazini."

"Nitakuja."

"Chai sikuahidi."

Alikichukua kile kikombe, kikiwa bado na chai nusu. Akaimwaga kwenye shina la mpapai, akakiosha, akakipindua juu ya kipande cha bati. Labda ni ili kikauke tu. Mzee Anzaruni hakuona kama alikuwa na haki ya kuuliza.

*

Saa tisa na nusu alisimama tena mbele ya Mkurugenzi.

"Imekwisha?" aliuliza Daktari Tindwa bila kuinua kichwa.

"Bado, mheshimiwa. Kesho."

Mkurugenzi aliinua kichwa. Neno lile lilitumika sana katika nchi ile. Wananchi waliambiwa kesho kwenye kila dirisha na kila kaunta. Lakini lilikuwa likisafiri upande mmoja tu, kutoka juu kwenda chini, na hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kuliona likipanda.

"Mzee wangu. Saini tu ndiyo iliyobaki."

"Nimempata shahidi mwingine. Alikuwapo."

"Alikuwapo kwa bibi?"

"Alikuwapo kwenye kikombe."

Tabasamu la Daktari Tindwa halikuondoka, lakini liliachwa peke yake usoni. "Nchi hii haimlazimishi mtu," alisema. "Nenda kapumzike, mzee. Kapumzike vizuri."

Mzee Anzaruni alipitia chumba cha chai kuchukua mwavuli wake. Vikombe kumi na saba vilikuwa vimekwisha kuoshwa, juu ya meza ndefu, midomo chini, na kila jina lilikuwa juu. La Mkurugenzi lilikuwapo na la bawabu pia. La kwake lilikuwa la sita kutoka dirishani: KIBWERA. Jioni wote walikuwa wamefunikiwa sawasawa, na kwa miaka yote ile hakuwahi kuligundua hilo.

Bi Kalunde aliingia na taulo, akamkuta amesimama. Macho ya Bi Kalunde yalikuwa mekundu.

"Mzee. Kesho zamu ya birika ni yangu."

"Najua. Nimeona ratiba."

"Mkurugenzi ameniita sasa hivi."

"Amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Amesema nitumie busara yangu." Aliikunja taulo, akaikunjua. "Mimi nina watoto watatu, mzee. Nifanyeje?"

Alijua la kumwambia. Lilikuwa jambo dogo, la kukifunua kikombe tu, hata mkono usingechoka. Alifungua mdomo, akaona mkono mwingine, wa kijana wa miaka ishirini na tisa, ukisimama kidogo na kuendelea mbele.

"Mimi si mtu wa kuulizwa hilo, binti yangu," alisema. "Mimi nilishaulizwa."

Alirudi mezani kwake. Akaitoa kadi, akaisoma tena tangu juu: maana yenye maneno yaliyokatwa na mfano usio na doa. Kwenye Asili aliandika jina moja, *Nyikani*, akaweka mkato, akaandika tarakimu sifuri. Kengele ya kufunga ofisi ikalia. Akakausha wino kwa karatasi, akaifunga kalamu kifuniko, akaiweka kadi peke yake juu ya sanduku ili asubuhi aichukue kwa haraka, awahi kwa Bi Nuswaiba saa moja.